Kayaki Iliyopitia Ngazi za Nyuma

4 Februari

Kwa mpwa wangu Kasia,

Salamu zangu zikukute na afya, na kama una mafua kama kawaida yako, basi zikukute na kitambaa mkononi. Najua utacheka kwamba mjomba bado anaandika kwa kalamu wakati wenzake wanabonyeza simu. Cheka tu. Nikiongea na simu husahau nilichotaka kusema, salio likiisha ndipo nakikumbuka.

Sisi wazima. Goti la mkaza mjomba wako bado linamsumbua, ila amejivumbulia dawa. Kila asubuhi anashuka zile ngazi za nyuma ya nyumba, anakaa kwenye kipandio cha mwisho na kulitumbukiza goti ziwani mpaka chai yake ipoe. Anasema maji ya ziwa yanamfaa kuliko vidonge. Daktari hajaambiwa. Mama mwenye duka, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuingia majini zaidi ya kifundo cha mguu, ananiuliza bei ya jaketi okozi kwa sababu ya zile siku chache ulizomfundisha kupiga kasia. Umetuharibia watu.

Kwenye lango la ziwa kazi ni ile ile. Chombo chochote kinachotoka ziwa jingine hakigusi letu mpaka kimwagwe maji yote, kisuguliwe na kikaushwe juani. Wananiita Mzee Brashi na wanadhani nakasirika. Wiki iliyopita alikuja Taratibu, jirani yangu wa boti za kukodisha, na boti kuukuu aliyoinunua mbali huko. Unajua tulivyo naye, tulianza kazi ziwani siku moja, ndiyo maana ananiita Pacha. Alidhani upacha utampitisha. Nilimsugulia boti ile asubuhi nzima mpaka rangi ikabanduka, kisha nikaivua kamba ya nanga nikaichemsha kwenye sufuria la mkaza mjomba wako. Taratibu akasema, "Pacha, bado mimi tu hujanichemsha." Nikamjibu sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Aliyeponea brashi yangu mwaka huu ni wewe peke yako. Ulipofika ukauliza brashi iko wapi, nikakwambia mlinzi hamkagui mtoto wa dada yake, tukaibeba kayaki yako wote wawili tukaiteremshia ngazi za nyuma, mkaza mjomba wako akipiga makofi. Mtoto amesafiri mchana kutwa, halafu nimpokee kwa brashi? Haiwezekani.

Kuhusu wageni wako wa Juni, kamati ya ziwa imekubali. Waje wapige kasia, waogelee, walale kwenye mahema. Upande huu wote hakuna ziwa jingine lililobaki bila gugu la kigeni, na kamati inataka watu walione.

Mjomba wako akupendaye, na brashi yake


1 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Msalimie mkaza mjomba na goti lake. Mama hajambo, anasema kaka yake akiandika barua ndefu kiasi hicho basi kazini hakuna kazi. Mimi pia sijambo, mafua yameniacha, nimebaki na kikohozi tu cha kuyasindikiza.

Ofisini kwetu kwa mafunzo ya kasia tumejaa. Watu wamechoka kukaa chini ya feni wakitazama ukuta. Kuna mhasibu mmoja aliyekuja kwetu hawezi kupanda ngazi bila kupumzika, sasa anavuka ziwa na kurudi akiimba. Nimeshaandikisha watu wa Juni, nafasi zimejaa. Wote nimewaambia kuna mzee langoni mwenye brashi, wasilete utani.

Lakini Mjomba, nimepata habari ambayo mpaka sasa sijaizoea. Lile ziwa nililokuwa nikifundishia kabla ya kuja kwenu limefungwa. Limeingiwa na gugu la kigeni. Kabla halijafungwa tulikwenda na kikundi, maji yanaonekana shwari kabisa, kijana mmoja akaruka kuogelea. Alipoibuka alikuwa anapiga kelele kwamba kuna kitu kimemshika miguu. Tulimvuta akaja na magugu yamemzunguka mpaka mapajani, membamba kama uzi wa kufumia, kijani kibichi, laini ya kuteleza. Nilisimama kwenye boti nimeshikwa na bumbuwazi, maana mwezi mmoja na nusu nyuma nilikuwa napita pale pale na sikuona kitu. Wanasema lilikuwepo muda wote, chini. Na kwamba kipande cha urefu wa kidole kikidondoka mahali, basi, kimeota.

Ndiyo kwanza nimeielewa brashi yako. Usimwachie mtu, Mjomba. Hata akija na machozi.

Mpwa wako anayekuheshimu, Kasia


6 Aprili

Kwa mpwa wangu Kasia,

Natumaini kikohozi kimekuacha. Mwambie mama yako kazi ipo, tena ipo ya kutosha sasa. Barua yako niliipata. Nimechelewa kujibu, utanisamehe.

Mpwa wangu, limeingia. Nimeandika neno hilo nikaliangalia kwanza, kwa sababu nikilisema kwa mdomo linagoma kutoka. Mtaalamu wa maji anayetumwa kutupimia ziwa alizama kama anavyozama kila mara, akaibuka na kitu mkononi, akakiweka kwenye meza yangu langoni, juu ya daftari langu la wageni. Kilikuwa kinachuruzika maji. Nilikitambua kabla hajafungua mdomo. Nikakaa, na kiti hakikuwepo hapo nilipokaa. Watu wakaniinua. Miaka yote hii nasugua matumbo ya boti za watu, natukanwa, naitwa mchawi wa ukaushaji, na sasa lipo ndani.

Kamati ilizungukia boti zote. Gugu likakutwa limejisokota kwenye kamba ya nanga ya Taratibu, kwenye ile boti kuukuu. Basi watu hawakutaka kusikia jingine. Ni boti iliyotoka mbali, ni yake, na gugu liko juu yake. Boti zake zote zimefungwa mnyororo ufukweni. Mwisho wa Juni kamati itakaa kuamua kama anyang'anywe kibali moja kwa moja. Ana kazi gani nyingine yule? Hana. Amekaa mbele ya boti zake kama mtu aliyefiwa.

Wageni wako wasije kwanza. Nitakuandikia.

Mjomba wako


21 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na pole sana. Pole kwako, kwa mkaza mjomba, na kwa Taratibu. Mama alipoisoma barua yako alivua miwani akaniambia nisome tena kwa sauti, alidhani macho yake yamekosea. Tuko salama, ila nyumba nzima imepooza. Wale watu wa Juni nimewaambia, mmoja akalia kwenye simu, na mimi nikamsaidia kulia.

Kuna jambo silielewi, Mjomba. Sikuulizi kwa ubishi. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba boti ya Taratibu uliisugua mpaka rangi ikabanduka, na kamba ya nanga ukaichemsha. Gugu gani linalosalia kwenye kamba iliyochemshwa? Kamba ya nanga ikishushwa ziwani si inazoa kilichopo chini? Labda amelizoa tu, kama mtu yeyote angelizoa. Umewaambia kamati hivyo? Wewe ndiye shahidi wake.

Na je, mtaalamu alilitoa wapi gugu la kwanza? Upande wa lango, au upande wa mahema, au wapi? Mahali lilipoota zaidi ndipo lilipoanzia, hata kwenye lile ziwa letu ndivyo walivyogundua.

Niandikie upesi, tafadhali. Silali vizuri.

Mpwa wako, Kasia


19 Mei

Kwa mpwa wangu Kasia,

Salamu kwako na kwa mama yako, na kwa yule mhasibu anayeimba. Mvua imekuwa nzuri. Nimepaka rangi mlango wa mbele, kijivu, mkaza mjomba wako anasema umekuwa kama mlango wa jela. Paka wa mama mwenye duka amezaa tena. Bei ya sabuni imepanda, lakini hilo lipo kwenu pia.

Mambo ya gugu waachie wataalamu. Wao ndio wanaojua lilipoanzia na lilipoishia. Kamati waliniita, wakaniuliza kama nakumbuka kuikagua boti ya Taratibu. Nikasema boti ni nyingi, siwezi kuikumbuka kila moja. Hakuna zaidi.

Mkaza mjomba wako amekosa dawa yake. Hawezi tena kukaa kwenye ngazi za nyuma, pamejaa magugu pale kuliko popote, akitia goti yanamzunguka. Sasa anakanda kwa maji ya moto na kunilaumu mimi, kama kawaida ya wake wa watu.

Jambo jingine. Nimefikiri kuhusu ile kayaki yako. Imezeeka. Iuze, ununue nyingine, na usihangaike kuifunguafungua, iuze ilivyo.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye ngazi za nyuma nilirudia mstari ule, halafu nikarudia ule wa kayaki. Nikachukua bisibisi nikaenda stoo. Kayaki ipo pale tangu nirudi kutoka kwenu, nimekuwa nikitumia za ofisi. Nilikifungua kiti. Chini ya kiti, kwenye ule mfereji unaobaki na maji hata ukiipindua, kulikuwa na kitu kimekauka kama nyuzi za chai. Nilikiweka kwenye kiganja. Ni mimi niliyemvua yule kijana yale magugu miguuni, siwezi kutoyajua.

Nilikaa sakafuni, Mjomba. Mama alinikuta pale akanitingisha bega, akadhani nimeanguka. Sikuweza kumwambia. Ni mimi niliyelileta. Mimi ninayewahubiria watu waende ziwani wakapumue, nimeliziba ziwa la mjomba wangu kwa mkono wangu.

Hilo peke yake lingenitosha. Lakini lipo lililonishtua zaidi, na nakuomba radhi kwa kuwa nitalisema wazi, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuogelea na sikuwahi kukupandishia sauti. Wewe umejua. Umejua tangu nilipokuandikia habari za ziwa lile kufungwa, ndiyo maana ulikaa kimya mwezi mzima. Umejua, na ukawaambia kamati huikumbuki boti ya Taratibu. Unayoikumbuka mpaka na sufuria.

Nimejiuliza kama ulikuwa unanificha mimi au unajificha wewe. Kama ni mimi, sitaki. Usinifiche nyuma ya mgongo wa mtu ambaye boti zake zimefungwa mnyororo. Uliniambia sheria ni msumeno. Kwa hiyo ukatwe mti wa jirani tu?

Nakupa nafasi uliseme mwenyewe, kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu na si vizuri nikuwahi. Usiposema, siku ya kamati nitapanda basi nije na hivi vinyuzi kwenye bahasha, niviweke mbele ya mwenyekiti.

Nakupenda, na nimekasirika.

Kasia


7 Julai

Kwa mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na mama yako salama. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Ameisoma barua yako yote. Nilitaka kumficha ukurasa wa pili, akaniambia nimeshaficha vya kutosha mwaka huu.

Kwanza nikujibu swali lako. Nilianza kwa kukuficha wewe. Nilijiambia hivyo na ilikuwa kweli kwa siku chache. Baadaye nilikuwa najificha mimi. Nilikuwa nikiwaza watu watasemaje, Mzee Brashi, aliyewasugua watu wote akaacha mlango wake wazi. Wewe uliomba brashi. Niliyekunyima ni mimi. Kwa hiyo lile neno ulilosema, kwamba ni mkono wako, lifute. Sitaki kulisoma tena.

Mkaza mjomba wako alikupigia simu usipande basi kwa kuwa nitasema mwenyewe, sasa nikusimulie. Siku ya kamati ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mwenyekiti akasoma kwamba kibali cha Taratibu kifutwe na boti zake ziondolewe ziwani. Akauliza kama kuna mwenye neno. Taratibu alikuwa amekaa mstari wa mbele, kofia magotini, anatazama sakafu. Hakuinua mkono. Nikainua mimi.

Nilisema, "Boti ya Taratibu niliikagua mwenyewe. Kamba yake niliichemsha. Nilidanganya nilipowaambia sikumbuki. Gugu liliingilia kwenye ngazi za nyumba yangu, ndani ya kayaki ya mpwa wangu. Aliomba kuiosha, nikamkataza, nikaibeba na mikono hii."

Kuna mtu alicheka, alidhani natania. Nilisubiri watu wanizomee. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo usiku na mchana. Nilisubiri Taratibu asimame anikabe, na nilijiandaa kwa hilo pia, nilikuwa hata nimevaa shati nisiloliogopea.

Taratibu hakusimama. Alisema akiwa amekaa, bila kunitazama, "Najua."

Mwenyekiti akamuuliza anajua nini.

"Siku ile nilikuwa majini, narudisha boti. Niliwaona wakishuka ngazi na kayaki. Mkewe anapiga makofi."

Mpwa wangu, nimeishi umri huu na sijawahi kupigwa na kitu kama maneno yale. Alikuwa anajua. Tangu siku lilipokutwa kwenye kamba yake, tangu walipofunga ule mnyororo, nilipokuwa nikipita mbele yake asubuhi na kumpa pole, pole ya mdomoni, naye akiipokea na kuniuliza hali ya goti la mkaza mjomba wako, alikuwa anajua. Nilimuuliza mbona hakusema.

"Ningesema mimi, ungekana," alisema. "Na ukishanikana mbele ya watu, mimi na wewe tumekwisha. Nikaona bora nikungoje useme mwenyewe. Nilidhani wiki moja, mbili." Akaivaa kofia yake. "Nimengoja tangu Aprili."

Akatoka. Watu wakampisha njia.

Mengine ni ya kawaida. Nimekabidhi funguo za lango, na nilizikabidhi kabla hawajaziomba. Boti zake zilifunguliwa siku ile ile. Mtaalamu anasema gugu halitaisha kabisa, ila likikatwa na kung'olewa kwa mkono kila wakati, tena bila kudondosha vipande, linaweza kuzuiwa upande huu mmoja. Wamelizungushia wavu. Sehemu iliyobaki ya ziwa iko wazi, watu wanaogelea, na wageni wako wanaweza kuja Septemba, wakipita langoni kama kila mtu. Waandikie.

Mimi nimeomba kazi ya kung'oa. Hailipwi, na sikutaka ilipwe. Naingia asubuhi na gunia, maji yananifika kiunoni pale kwenye ngazi, naling'oa kutoka shinani, natia kwenye gunia, nabeba juu kwenda kuanika mbali na maji. Mgongo unalalamika. Mkaza mjomba wako ananikanda kwa yale maji yake ya moto na hanilaumu tena, jambo ambalo linanitia hofu.

Taratibu anapita kila siku na wateja wake. Tangu siku ya kamati hajaniambia neno. Jana alikuja na boti imejaa familia, watoto wamevaa majaketi makubwa kuliko wao, na mmoja wao akaninyooshea kidole akauliza yule anafanya nini. Niliacha kung'oa. Nilikuwa karibu kiasi cha kumwona Taratibu akipunguza mwendo.

Akawaambia, "Tuzungukie kule. Hapa kuna mzee mmoja anang'oa magugu."

Mzee mmoja. Si Pacha. Nilisimama na gunia langu mpaka boti ikapotea nyuma ya mahema. Mkaza mjomba wako aliita kutoka juu kwamba chakula kinapoa, niingie ndani. Nikamwambia ale tu, mimi nangoja apite akirudi.

Mjomba wako